Uganda, Mara Nyingi

Nianze na ujinga wangu, maana bila huo sina la kusimulia. Katika fomu ya serikali ya kuchunguza usalama, pale palipoandikwa "Taja nchi za kigeni ulizotembelea," niliandika kwa mwandiko wangu mzuri wa sekondari: Uganda, mara nyingi.

Nilikuwa nimepika chai miaka mitatu, kama kibarua, katika ofisi moja ya serikali katikati ya jiji. Sasa walitaka kuniajiri kabisa, niwe napeleka birika hadi ghorofa ya juu, kule wakubwa wanakojifungia wakizungumza. Na mtu hapandi huko, hata akiwa amebeba maandazi tu, kabla serikali haijajua yeye ni nani, nduguze ni akina nani, na miguu yake imekanyaga wapi.

Miguu yangu? Imekanyaga Dagoretti ninakoishi na jikoni. Jumapili wenzangu wakienda Kenyatta Market kula nyama choma na kusukwa, mimi nasema kichwa kinaniuma. Lakini siku ya fomu niliketi kando ya mwenzangu anayepiga deki, ambaye aliwahi kufanya kazi Dubai. Alijaza sehemu hiyo hadi mistari ikamwishia, kisha akachungulia yangu. "Ai, hata hapo mpakani Namanga tu hujafika?" Basi kalamu ikateleza.

Ukweli ni kwamba nilivuka mpaka siku moja tu, nikiwa na miaka kumi. Kwetu ni karibu na Busia, na shangazi yangu aliolewa ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda. Nilitumwa nimpelekee kuku. Kuku alibaki, mimi nikarudi kabla ugali haujaiva.

Wiki mbili baadaye niliitwa. Afisa alikuwa mwanamke wa rika langu, amevaa sweta ya kijani, fomu yangu mbele yake. Nilimletea chai. Hakuigusa.

"Mama, mara nyingi ni mara ngapi?"

"Moja, madam."

"Moja ndiyo nyingi?"

"Kwangu mimi ni nyingi."

Hakucheka. Aliulizia pasi ya kusafiria, nikamweleza habari za kuku. Aliandika kwa muda mrefu kuliko kuku yule alivyostahili.

"Shida si Uganda," akasema. "Uliandika nyingi, sasa unasema moja. Nijuaje uongo ni upi? Tutauliza majirani kama wewe ni mtu wa safari. Wakisema ndiyo, hii kazi usahau. Na hiyo ya kibarua pia."

Kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga, ukisema majirani unamaanisha mmoja: mama mmoja kutoka Ukambani, tunayetenganishwa naye na ukuta na kipande cha veranda, anayeuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, langoni na kujua kila anayeingia na kutoka. Mwaka jana alifiwa na mama yake. Wiki nzima watu walijaa kwake jioni wakiimba na kuomba. Mimi kila jioni nilijiambia nitaenda kesho. Mwishowe nikamtumia ujumbe wa simu, "pole sana jirani," na picha ya viganja vilivyokutana. Nikasikia simu yake ikilia upande wa pili wa ukuta.

Na huyo ndiye serikali ingemuuliza habari zangu.

Sikutulia tena. Nilipiga pasi mapazia, nikayatundika, nikayashusha. Kila mgeni aliyepita langoni nilimwona mpelelezi. Yule wa kusoma mita ya maji nilimwamkia kwa sauti mpaka akaangusha kalamu. Mara tatu nilijaza thermos chai ya maziwa nimpelekee jirani, na mara tatu nikageuka mlangoni, eti sukari haijakolea. Ningeanzaje? Pole ya mwaka jana?

Jumamosi asubuhi sweta ya kijani ikaingia langoni. Nilijibanza nyuma ya pazia, na kwa kweli kama kuna siku nilifanana na jasusi, ndiyo hiyo. Afisa aliketi kwenye mtungi wa plastiki uliopinduliwa, akanunua githeri, akala vijiko viwili vitatu kwanza. Kisha akainama na kuuliza kwa sauti ya chini. Sikusikia neno, ila niliona kidole chake kikielekea mlangoni kwangu.

Jirani aliacha kukoroga sufuria. Akatazama pazia langu moja kwa moja, kama mtu ajuaye nani yuko nyuma yake. Yeye hakuwa na siri ya kunong'ona.

"Uganda? Huyu? Madam, tumekaa ukuta mmoja miaka saba, na mama yangu alipokufa hata hiyo veranda hakuvuka!"