Kukoroma Si Ugonjwa

Karani wa dirisha la bima pale Nachingwea alikuwa na mikono laini ya mtu asiyewahi kubangua korosho, na sauti ya kubembeleza, kama anakunyima kitu kwa faida yako. Kwanza alipanga mihuri yake kwa urefu, akapuliza vumbi lisilokuwepo, ndipo akauliza, "Tatizo, mwalimu?" Tatizo alilijua. Tangu masika nilikuwa natoka Chiola kuomba mashine ya kunisaidia kupumua, maana daktari alisema pumzi yangu hukatika nikilala, na nikistaafu mwezi Juni kadi yangu ya bima inakufa. Karani naye hutabasamu: "Kukoroma si ugonjwa, mwalimu. Hata mimi nakoroma, na mwakani nastaafu salama."

Siku ile nilikwenda na mke wangu, Albina. Joto lilikuwa kali, karani ameshiba ugali wa muhogo, akasinzia katikati ya jibu lake. Akakoroma vizuri tu, kisha kimya. Kimya kikazidi. Albina akapenyeza mkono dirishani, akamfinya sikio kama anavyonifinya mimi. "Pumua, baba!" Karani akazinduka akitweta, akafuta mate, akapanga mihuri upya. Akachagua mkubwa kuliko yote, ule wa kuidhinisha, akaugonga kwenye maombi yangu bila kuyasoma. Kisha akainama.

"Mama," akanong'ona, "pumzi ilikatika sana?"

"Huyu wangu bado hujamfikia," Albina akasema, "lakini unajitahidi."