Fundi Redio na Gemu Bubu

Fundi redio wa pale sokoni Murukulazo hakuwa mtu wa picha. Kila kifaa alikisikiliza kwanza, macho kayafumba, ncha ya ulimi nje kama mbuzi anayengoja chumvi. Ndivyo alivyoipokea mashine ya gemu ya Tecla mwenye kibanda cha michezo ya video, iliyokuwa bubu hata wateja wakamhama. Akapuliza vumbi, akakwangua waya, mwishowe akaiunga sauti kwenye redio yake kubwa. Risasi za mchezo zikalia soko zima. Wazee wakimbizi, waliozoea kusikiliza kwenye redio hiyo habari za vita vya kwao, wakasimama.

"Fundi, wameua wangapi?" akauliza mzee Niyonzima.

Fundi akafumbua jicho moja, akachungulia kioo cha gemu. "Mmoja, mzee. Lakini keshaamka. Hawa wana roho tatu tatu."

Niyonzima akavuta kigoda, akaketi, akamgeukia mwenye gemu. "Tecla mwanangu, vita hiyo usiizime."