Nilificha jina kwenye nota zangu, kwaya moja ya Ruaha Mbuyuni ikaniombea kama marehemu

Wakuu, salaam kutoka Iyunga, Mbeya, ambako leo baridi imekubali kutupumzisha kidogo.

Ninachoandika hapa kimenitokea mimi mwenyewe. Sijaongeza kitu, na sehemu zinazoniaibisha nimeziacha kama zilivyo.

Kwa muda mrefu swali moja lilikuwa linaninyima usingizi: nikiachia kazi yangu bure, watu wataipokea, wataiiba, au wataicheka?

Niwape picha kwanza.

Mimi ni binti, nimemaliza chuo, nimesomea uhasibu, ajira bado. Naishi kwa mama mdogo, na mchana nashika stationery ya mtu kule Mwanjelwa. Nachapa barua, natoa kopi, napiga vyeti lamination. Lakini kitu ninachokipenda kuliko vyote ni kutunga nyimbo za kwaya.

Kwa wasiojua mambo ya kwaya: wengi wetu huku hatutumii ule muziki wa mistari mitano. Tunatumia herufi. d ni do, r ni re, m ni mi, f ni fa, hivyo hivyo mpaka mwisho. Unapanga sauti nne, moja chini ya nyingine, unaweka na maneno yake. Hiyo karatasi ndiyo tunaiita nota. Mwalimu wa kwaya akiipata anatoa kopi, anafundisha, jirani yake anaiomba, na wimbo unasafiri.

Mimi nilikuwa na nyimbo za kutosha kitabu kizima ndani ya laptop. Kitabu nilishakipanga, hata jalada nilishalichora. Nilichoshindwa ni kukitoa.

Kwa nini? Hapo ndipo kichwa changu kinapoanza safari zake.

Nikiweka jina, walimu wa kwaya watasema huyu binti katokea wapi. Nisipoweka, mtu ataweka lake. Nikiweka namba ya simu, watapiga watu nisiowajua. Nikikosea nota moja tu, mtu ataipiga picha, ataitupia kwenye group la walimu, na watanicheka kuanzia Tukuyu mpaka Njombe.

Yaani nilikuwa naweza kukaa na ukurasa mmoja wiki nzima, nahamisha nukta kushoto, nairudisha kulia.

Mama mdogo alinichoka. Wanyakyusa humu mnajua, jina langu Atupele maana yake ni "ametupa", yaani Mungu katupatia. Basi akinikuta nimeikodolea macho laptop ananichokoza:

"Wewe tulikuita Atupele, kumbe tulikosea. Ungeitwa Amenyima."

"Mama, watu wanaiba kazi za watu."

"Wataiba nini, na wewe umefungia? Huyo mwizi mwenyewe hajui kama upo."

Wimbo mmoja tu ndio uliwahi kutoka. Mpiga kinanda wa kanisani kwetu, Tumaini, alipata kazi ya kufundisha Iringa, na siku anaondoka akaniomba kitu cha kumbukumbu. Nikamprintia wimbo wa sadaka unaoitwa "Umefika Shambani Kwangu". Niliutunga mwaka niliotoka chuo, nikiwa nalima viazi vya mama mdogo na kujiuliza degree ile ilikuwa ya nini.

Juu nikaandika "Mtunzi: A.M." Basi. Hakuna jina, hakuna simu, hakuna mahali.

Chini nikaweka sentensi niliyoiona kwenye kitabu fulani pale stationery, nikaipenda kwa ukali wake: "Hairuhusiwi kunakili, kurekodi wala kubadilisha wimbo huu bila idhini ya mtunzi."

Soma hayo mawili kwa pamoja, mkuu. Idhini ya mtunzi inatakiwa, na mtunzi hapatikani. Mimi nilijiona nimejilinda vizuri sana.

Miezi ikapita.

Juzi kati nikaitwa usaili Iringa. Usaili wenyewe tuuache, tulikuwa watu wengi mno kwa kiti kimoja, nikatoka pale nimenywea. Tumaini alinipokea, akaniangalia usoni, akasema:

"Kesho Jumamosi nakwenda Ruaha Mbuyuni. Kuna kwaya ya kigango nawasaidia kinanda. Twende ukapunguze mawazo."

Nikaenda na sweta langu la Mbeya. Wanaoijua barabara ile wananicheka saa hizi. Ukishamaliza kushuka mlima wa Kitonga ni joto, na pembeni ya barabara ni vitunguu kwenye nyavu, mafungu kwa mafungu. Nikalifunga sweta kiunoni.

Mazoezi yalikuwa kwenye darasa la shule ya msingi karibu na kanisa. Waimbaji wametoka moja kwa moja shambani, darasa zima linanukia vitunguu. Mwalimu wa kwaya, Mwalimu Kikoti, mtu wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alikuwa anaandika nota ubaoni kwa chaki.

Nikakaa nyuma na wanawake wa sauti ya pili. Nikaanza kusoma ubao kwa mazoea tu.

Mstari wa kwanza nikadhani nafananisha.

Mstari wa pili nikaanza kuufuata kwa midomo.

Mwalimu Kikoti akamaliza, akarudi juu, akaandika kichwa: UMEFIKA SHAMBANI KWANGU.

Nikamgeukia Tumaini. Alikuwa ameinama anashughulika na waya wa kinanda, lakini mabega yake yanacheka. Alijua. Ndiyo maana alinileta.

Wakaimba.

Sitajifanya mshairi hapa. Niliutunga ule wimbo peke yangu na jembe, sijawahi kuusikia ukitoka midomoni mwa watu. Ukitoka, unakuwa mzito kuliko wewe. Nilitazama chini, nikajifanya nafunga kiatu.

Halafu wakafika kwenye "umeyaona machozi yangu kabla sijayafuta".

Pale kwenye "machozi", besi wakapiga kitu kibaya. Kibaya kweli, kama mlango wenye kutu. Sauti tatu za juu zinaimba kitu kimoja kitamu, besi wanakwaruza chini yake.

Nikatazama ubao. f.

Nilikusudia d. Na d na f zimekaa hapo hapo karibu kwenye keyboard. Kidole kiliteleza siku ile nachapa. Kosa nililoliogopa maisha yangu yote lilikuwa linaimbwa mbele yangu, kwa nguvu, na wanaume wenye vifua.

Wimbo ulipoisha, kaka mmoja wa besi wanayemwita Komando akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hapa kwenye machozi tunaumia kila Jumamosi. Si tuimbe do tu yaishe?"

"Chini pameandikwaje?"

"Hairuhusiwi kubadilisha," besi wakaitikia kwa pamoja, kama watoto wa katekisimu.

"Basi. Mtunzi alikuwa na sababu yake. Neno lenyewe ni machozi, Komando. Ulitaka machozi yawe na sukari?"

Watu wakacheka. Mwalimu Kikoti akachukua kitambaa, akaanza kufuta ubao.

Nikamgusa mama aliyekaa jirani yangu, Mama Neema. "Mbona anafuta? Hamna kopi?"

"Kopi tutoe wapi, mdogo wangu, na karatasi imekataza? Tunaandika, tunaimba, tunafuta. Kila Jumamosi ni hivyo."

"Si mngemwomba mtunzi ruhusa?"

"Tungemwomba wapi? Yule ni marehemu."

"Marehemu?"

"Hana simu, hana mahali, na jina lenyewe herufi mbili. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiandika watu wa zamani." Akajipepea na ncha ya kitenge. "Lakini tulimkumbuka. Novemba, mwezi wa marehemu, tulimwekea nia ya misa. Marehemu A.M., akasomwa kabisa."

Wakuu, sijui kama kuna mwingine humu aliyewahi kupewa habari za msiba wake huku mtoa habari anajipepea.

Nilitaka kucheka, sikuweza. Kwa sababu hapo hapo Mwalimu Kikoti aliweka kitambaa chini akasema:

"Ndugu zangu, Jumapili ijayo vijana wa kurekodi wanakuja, mnajua. Huu wimbo tunauaga leo. Kurekodi kumekatazwa, na wa kutupa ruhusa hayupo. Hatuwezi kumwimbia Mungu kitu cha wizi. Ubaoni hatuurudishi tena, maana tukiuendeleza tutashindwa kuuacha."

Darasa likaguna. Mama Neema akasema kwa sauti, "Jamani, mwalimu, huu ndio wangu."

"Ni wa wote, mama. Lakini si wetu."

Hapo kichwa changu kikaanza safari zake. Nikisema ni mimi hawataamini. Wakiamini wataniuliza kuhusu ile fa. Nikijibu watajua mtunzi wao hajui hata kuchapa. Nikinyamaza, napanda gari narudi Mbeya, hakuna atakayejua.

Ila wimbo ungebaki kwenye kile kitambaa cha kufutia ubao. Na aliyeuua hangekuwa mwizi.

Nikanyoosha mkono. Tulikuwa darasani, sikujua namna nyingine.

"Mwalimu, naomba kusema. A.M. ni mimi."

Vichwa vyote vikanigeukia.

"Dada," Komando akasema, "huyo tulishamzika."

Darasa likavunjika kwa kicheko. Mwalimu Kikoti hakucheka. Aliniangalia kuanzia sweta la kiunoni mpaka viatu vya usaili. "Binti, si kwamba nakukatalia. Lakini nitajuaje?"

Tumaini angeweza kunisaidia. Alikaa tu, amekunja mikono juu ya kinanda; baadaye aliniambia karatasi iliwafikia kwa mkono wa mwalimu mwingine kabla hajaanza kuwasaidia, na alitaka nijitaje mwenyewe.

Sikuwa na kitambulisho cha wimbo. Nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho mtunzi peke yake angekijua.

"Pale kwenye machozi ni do," nikasema. "Si fa. Nilikosea kuchapa. Herufi zimekaribiana."

Nikaimba besi yote, juu kidogo maana sina kifua hicho, nikaishusha kwenye do. Besi wawili wakanifuata. Wakafika pale, ikakaa.

Komando akaruka kwenye dawati. "Nilisema mimi! Nilisema! Tumeteseka bure!"

Mwalimu Kikoti alikaa kwenye kiti taratibu. "Kumbe si machozi," akasema. "Mimi hiyo fa nimeifundisha kwa imani."

"Sasa Novemba tutamwombea nani?" Mama Neema akauliza, na hapo hata mwalimu akashindwa kujizuia.

Walipotulia, akasimama, akaweka chaki mezani. Sauti yake ikawa ya heshima kabisa, mpaka nikasimama na mimi.

"Basi, mtunzi. Kwaya inaomba ruhusa ya kunakili."

"Nakilini."

"Na kurekodi."

"Rekodini."

"Na kubadilisha?"

Hapo nilichelewa. Mnanijua sasa.

"Na kubadilisha," nikasema. "Ila mkibadilisha, semeni mmebadilisha."

Wakaimba tena, besi kwa do. Mwalimu Kikoti kila akifika pale alikuwa anakunja uso kama mtu aliyeporwa. Na kusema ukweli, hata mimi ile fa nilianza kuikosa.

Nimerudi Mbeya. Kazi ya usaili sikupata, msiulize.

Jumatatu asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuingia stationery, nilifungua nyimbo zote, moja baada ya nyingine. Juu nikatoa A.M., nikaandika jina langu lote, Iyunga, Mbeya, na namba ya simu. Chini nikafuta ile sentensi ya ukali, nikaandika: "Nakili, imba, rekodi, fundisha. Ukibadilisha, sema umebadilisha. Ukiona kosa, nipigie."

Nikamwonyesha mama mdogo. Akasoma, akauliza, "Na wakiiba je?"

Nikamwangalia tu. Akacheka mwenyewe.

Nilichojifunza ni hiki. Najua wapo watunzi wanaoishi kwa nyimbo zao, hao wana haki ya kuuza na siwasemi. Mimi sikuwa nauza. Nilikuwa naficha, halafu naita kuficha ulinzi. Waliousikiliza mkwara wangu walikuwa watu waaminifu peke yao, na ndio karibu wanyimwe wimbo. Na kosa langu likalindwa kuliko kitu kingine chochote.

Woga bado upo. Nimehariri uzi huu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Lakini sasa naogopa huku kazi iko nje.

Kitabu chote nimekiambatisha hapa chini kama PDF, bure. Anayetaka cha karatasi aje Mwanjelwa, nitamtolea na kumfungia. Ukurasa wa kwanza ni "Umefika Shambani Kwangu". Kwenye machozi nimeandika do, na chini yake, kwa herufi ndogo: "Kwaya ya Ruaha Mbuyuni iliuimba kwa fa."

Walimu wa kwaya, besi mlioteseka, na wenye kazi zenu zimelala kwenye laptop, semeni chochote. Mkiona kosa, litajeni hapa hapa hadharani, nitalirekebisha.

Na mkinipigia simu nisipopokea, niko kwenye mashine natoa kopi. Msinisomee misa kwanza.