Kanda ya Sili Niliyoipeleka Kibwezi

Mama Mutua alikuwa ametuma neno kutoka Kibwezi: hatamlilia mwanawe mpaka aione bahari iliyommeza. Majirani walimwambia maji yakimwagika hayazoleki, lakini hakusikia la mtu. Mimi na Mutua tulikuwa mabaharia kwenye meli ya watafiti, kule kusini kwenye barafu. Tuliwabandika sili, wanyama wa baharini wa kule, kamera mgongoni ili wasomi waone jinsi wanavyopiga mbizi. Kanda ya mwisho, ile Mutua aliyoifia, walinipa nakala yake. Nikaibeba.

Asubuhi niliondoka nyumbani Kabati kwa lori la Abdi, mchuuzi wa ng'ombe aliyekuwa akienda mnadani Ikutha.

"Huyo sili ni samaki?" akaniuliza.

"Hapana. Ananyonyesha, na lazima apande juu apumue."

"Basi ni kama sisi tu."

Sikulipenda jibu lake, ingawa lilikuwa kweli.

Ikutha, Abdi alinitafutia nafasi kwa mwenzake aliyepeleka mbuzi Kibwezi. Tulipovuka Mto Athi nilifumba macho. Tangu Mutua azame, nayachukia maji mengi.

Kibwezi, Mama Mutua, niliyemwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, alinipa uji kwanza, kisha tukaenda kwenye duka lenye video. Mwenye duka akatufungia mlango. Kwenye kioo sili alizama gizani, akakamata samaki, akapanda. Mara kamera ikabanduka mgongoni mwake, ikaelea. Mkono wa Mutua ukatokea, umenyooshwa kutoka mashuani kuiokota. Nikainuka nizime.

"Wacha iende, kijana yangu," mama akasema.

Wimbi likaja. Mkono haukuonekana tena. Ikabaki anga, na kamera ikichezacheza juu ya maji.

"Hii kitu haizami?"

"Haizami, Mwaitu. Waliifunga boya. Ni ya bei, hawakutaka ipotee."

"Na Mutua walimfunga nini?"

Nilimwambia ukweli: tulipewa makoti ya baridi tu. Machozi yakamtoka kwa mara ya kwanza.

"Ambia pasta akuje tuombe," akasema.

Kesho yake nilirudi Kabati mikono mitupu. Kanda alibaki nayo, na kwake hakuna hata umeme. Njia nzima niliona uchungu na hasira. Nilijifunza kwamba kinachoogopewa kupotea hufungwa boya kabla hakijaingia majini. Mimi na Mutua hatukufungwa.