Honi Katika Jukwaa la Wenyeji

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Honi, na yeye mwenyewe akijitambulisha alisema, "Mimi Honi, karibu uketi." Alikuwa msusi, mwenye saluni ya viti vitatu kando ya barabara inayopanda chuoni, na sauti aliyojaliwa haikulingana na chumba kile kidogo. Akimwambia mteja "inamisha kichwa," mwenye duka la ng'ambo ya barabara naye huinamisha. Akinong'ona umbea, basi umbea huo umeshatangazwa. Wapo waliomsema, eti mwanamke gani huyu asiyejua kunyamaza. Waseme tu! Huyo mnayemsema alimlea mtoto wa marehemu kaka yake tangu meno ya utoto hayajang'oka, akamlisha, akamvisha, akamsomesha kwa vidole vyake hivyo hivyo vya kusukia, na hakuna siku aliyomsimanga. Nyie wenye sauti ndogo mmelea wangapi?

Mtoto akarefuka mpaka wakambandika jina la Ngazi. Alipoingia chuoni akachukuliwa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu, na hapo ndipo Honi alipopata kazi ya pili isiyo na mshahara. Kila mechi ya nyumbani alifunga saluni. Mteja akilalamika kwamba kichwa kimesukwa nusu, anamfunga kitambaa na kumwambia, "Twende wote, nitamalizia mapumziko." Na kweli, wapo waliomaliziwa kusukwa kwenye jukwaa la uwanja, chanuo limechomekwa kwenye nywele na mpira unaruka.

Sasa kulikuwa na desturi moja pale uwanjani, na bila desturi hiyo hadithi hii isingekuwepo. Mchezaji akichezewa rafu wakati anafunga, hupewa mitupo huru: anasimama peke yake kwenye mstari, hakuna wa kumzuia, ni yeye na kikapu. Mtu utadhani ni rahisi. Mara ya kwanza Ngazi aliposimama kwenye mstari kama huo, bado yuko shule ya msingi, aliukumbatia mpira asiutupe. Honi akapanda juu ya benchi akapiga kelele, "Pumua, mwanangu, tupa!" Mtoto akapumua, akatupa, ukaingia. Tangu siku hiyo ikawa sheria, ikamfuata mpaka chuoni. Ngazi akienda mstarini, ukumbi mzima wa nyumbani hunyamaza kumsubiri Honi. Honi anasimama, anaita, Ngazi anatupa, watu wanalipuka. Hata timu za wageni zilishaizoea, wengine wakawa wanacheka na kupiga makofi.

Ila Honi hakuwa akisafiri na timu. Na kila timu iliposafiri, Ngazi alikosa mitupo huru kama mtu aliyefungwa macho.

Jioni moja, kesho yake timu inasafiri, Ngazi aliketi kwenye kiti cha saluni asukwe nywele za safari. Honi akamtazama kwenye kioo, akaona machozi yanateremka.

"Nini tena, mwanangu? Nimekuvuta?"

"Hapana, Shangazi. Kocha amesema nikikosa tena ugenini, ndiyo basi. Atanikalisha benchi mpaka msimu uishe. Anasema timu haiwezi kuwa na mchezaji wa nyumbani tu."

Honi alitaka kumtukana kocha. Tusi lilishafika kwenye ulimi. Lakini alijua kocha hajasema uongo, akalimeza. "Geuza shingo," akasema, akaendelea kusuka. Moyoni alikuwa ameshapanga safari, na hakumwambia mtoto, maana alitaka amshtue: asimame mstarini ugenini, amekata tamaa, mara aisikie honi. Alicheka peke yake akifikiria uso atakaouona.

Mashabiki wa mtaa walikuwa wamekodi basi, mara yao ya kwanza kuifuata timu nje. Kiongozi wao alikuwa fundi baiskeli aliyeitwa Debe, kwa sababu ya debe la mafuta alilopiga kwenye kila mechi mpaka likabonyea pande zote. Debe aliagiza kwamba wote wavae fulana nyeupe. Timu yao ikicheza huvaa nyeupe, kila mtu anajua. Wakavaa. Honi alipasi yake mara mbili.

Loo! Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba nyeupe ni nguo ya mwenyeji. Nyumbani timu yao ilivaa nyeupe kwa kuwa ilikuwa nyumbani. Watu hawa walikuwa hawajawahi kuwa wageni wa mtu, na nani angewaambia? Walifika mlangoni mwa ukumbi wakiimba, mlinzi akatazama fulana, akaonyesha kwa kidole, "Weupe kushoto, weupe kushoto, msizibe njia." Wakaenda kushoto kwa heshima zote, wakasifu jinsi wenyeji walivyo wakarimu, jinsi jukwaa lilivyo kubwa. Debe akatangaza kwamba hajawahi kuona ukumbi wa ugenini wenye mashabiki wao wengi namna hii.

Timu ikatoka na jezi nyeupe. Jukwaa likanguruma, na Debe akalitwanga debe kwa nguvu zake zote. Akatwanga, akatwanga, kisha mkono ukapungua taratibu. "Mbona siwatambui hawa?" akasema. Ndipo wasichana wao walipotokea mlango wa pili wamevaa buluu, na Ngazi akiwa wa mwisho, kichwa chini.

Jamani, aibu! Debe na wenzake wakaanza kuteremka, samahani hapa, samahani pale, wakikanyaga watu miguu, kuelekea jukwaa dogo la wageni upande wa pili. Honi yeye alikuwa ameshasukumwa juu kabisa, kati ya ukuta na baba mmoja mnene mwenye suruali ya kazi yenye madoa ya rangi, fundi rangi bila shaka. Safu nzima imesimama, hakuna pa kupita. Akabaki pale pale, na fulana yake nyeupe iliyopigwa pasi, katikati ya watu wanaoiombea timu yake ishindwe.

"Usijali, mama," fundi rangi akamwambia, akimsogezea nafasi. "Leo tunawala hawa."

"Haya," Honi akajibu. Angesema nini?

Mechi ikaenda kwa kufukuzana. Katika robo ya pili Ngazi akachezewa rafu, akaenda mstarini. Hii ndiyo saa yenyewe iliyomleta! Honi akasimama, akavuta pumzi yote aliyokuwa nayo, akaita. Lakini jukwaa zima lilikuwa limesimama pamoja naye, linazomea, linapiga miguu kwenye mbao, na sauti ile iliyozoea kutikisa mtaa ikamezwa pale pale mdomoni. Hata fundi rangi hakuisikia. Alidhani na yeye anazomea, akampiga bega kumpongeza.

Kutoka kule juu Honi aliona jambo ambalo nyumbani hakuwahi kuliona, maana nyumbani anapoita huwa na kazi ya kuita. Ngazi hakutazama kikapu. Aliushika mpira, akainua uso, akatazama jukwaa la wageni, akatazama kulia, akatazama kushoto. Alikuwa anatafuta. Akatupa, ukapita pembeni. Akatafuta tena. Akatupa, haukugusa hata chuma. Watu wakacheka.

Honi aliketi kama aliyekatwa miguu. Miaka yote alijua kwamba anampa mtoto nguvu. Kumbe alimzoesha vibaya! Mtoto alikuwa anajua kutupa, mikono anayo, urefu anao, ila alishafundishwa kwamba mpira hauingii mpaka shangazi aseme. Ilimuuma, na sitaficha, alilia kidogo.

Mapumziko Debe alipanda kumfuata, jasho linamtoka.

"Dada Honi! Shuka twende. Tumekuwekea nafasi mbele kabisa, nyuma ya kikapu. Robo ya nne wasichana wetu wataushambulia upande ule, mtoto atakuona uso kwa uso. Huku nani atakusikia?"

"Sishuki."

"Unasemaje?"

"Sishuki, Debe. Na usimwambie niko hapa."

"Dada, una homa? Umesafiri asubuhi yote kuja kukaa na adui? Mtoto atanyang'anywa nafasi yake!"

"Kwani mimi nitamfuata mpaka lini?" Honi akasema. "Nikifa je, atasimama pale anisubiri?"

Debe alimtazama, akatikisa kichwa, akarudi kwao. Wapo watakaosema ni kiburi. Mimi nasema kumpigia mtoto kelele kila mtu anaweza, hata Debe anaweza, na debe lake. Jaribu wewe kuwa na sauti kama ile, mtoto wako yuko mbele yako anazama, halafu ufunge mdomo.

Robo ya nne ikafika mwisho, pointi sawa kwa sawa. Sekunde zimebaki za kuhesabu kwa vidole, Ngazi akaruka chini ya kikapu, akapigwa mkono, refa akapuliza. Mitupo huru miwili. Honi akaona kocha anageuka kutazama upande mwingine, kama mtu asiyetaka kushuhudia.

Ukumbi ukazomea mpaka mabati yakalia. Ngazi akatupa wa kwanza. Mpira ukagonga chuma, ukazunguka kinywani mwa kikapu, ukatoka. Jukwaa likapiga ukelele wa furaha, watu wakakumbatiana, na baada ya ukelele ule pakawa na kimya kidogo, watu wanavuta pumzi ili waanze tena. Na katika kimya kile Ngazi akainua uso, akaanza kutafuta.

Hapo ndipo penyewe. Sauti ingefika. Honi alijua kabisa kwamba ingefika, ingekata ukumbi ule kama mkasi mpya unavyokata kitambaa. Miguu ilishamsimamisha. Akaikamata shingo ya fulana yake, akaiingiza mdomoni, akaing'ata, akaketi juu ya mikono yake miwili. "Mungu wangu," alisema moyoni, "nisamehe, nisamehe."

Ngazi alitafuta kulia, akatafuta kushoto. Kisha akaacha. Akainamisha uso, akautazama mpira kama ndiyo kwanza anauona, akaudundisha, na kifua chake kikapanda kikashuka. Hakuna aliyemwambia apumue. Akatupa.

Ukaingia bila kugusa kitu.

Wenyeji walirusha mpira wao wa mwisho ukatoka nje, na kwisha kazi. Kule chini wasichana wa buluu walimrukia Ngazi wakaanguka naye sakafuni, Debe akalitwanga debe mpaka likatoboka. Kule juu Honi alikuwa analia kwa sauti sasa, machozi na kamasi, fulana imelowa, na fundi rangi wa watu akamshika bega kwa huruma.

"Pole sana, mama. Usilie hivyo. Tutawafunga siku nyingine."

"Asante, baba," Honi akasema, na kilio kikazidi. "Asante sana."

Alitoka kwa mlango wa wenyeji, akajificha nyuma ya basi lao mpaka basi la timu lilipoondoka. Jua lilikuwa bado liko juu waliposhika njia. Ndani ya basi la mashabiki palikuwa hapakaliki: wanaimba, wanacheza, wanarudia kikapu kile cha mwisho kwa mikono mitupu. Honi alikuwa ameshawaapisha mmoja mmoja kwamba mtoto asijue, na mtaa ule, jamani, hutunza siri jinsi chujio linavyotunza maji. Lakini walimwapia.

Mara simu yake ikalia. Akatazama, akasimama.

"Nyamazeni! Ni mtoto!"

Basi zima likanyamaza. Walionyanyua mikono wakaishusha, dereva akazima redio.

"Shangazi! Shangazi, tumeshinda! Nimefunga mimi!"

"Acha!"

"Kweli tena! Wa kwanza nilikosa, Shangazi. Nikakutafuta, najua kabisa uko saluni, lakini nikakutafuta tu. Nikaona hupo. Nikasema basi, leo ni mimi. Nikatupa. Kocha amenikumbatia, Shangazi, kocha yule! Yaani, ungekuwepo!"

Debe akafungua mdomo. Honi akamnyooshea kidole, naye akaufunga.

"Shangazi? Unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu," Honi akasema, kwa sauti ndogo ambayo wenzake hawakujua kwamba anayo. "Hebu nisimulie. Anza mwanzo, usiruke kitu."

Ngazi akaanza mwanzo. Honi akaegemeza kichwa kwenye kioo cha dirisha, akaisikiliza mechi yote upya, akishangaa panapostahili kushangaa, na kila mtoto aliponyamaza kuvuta pumzi, yeye aliuliza, "Halafu ikawaje?"