Mwanamke wa Gari Jeupe Aliyeruhusiwa Kuingia kwa Farasi

Nilijua kuna jambo haliko sawa siku nilipogundua kwamba ukwato wa farasi wangu haukui.

Msicheke. Kaeni vizuri niwasimulie, maana mpaka leo nikilikumbuka lile geti mwili unanisisimka.

Farasi wangu anaitwa Tajiri. Jina alikuja nalo. Maskini ni mimi.

Mimi ni mshonaji wa mapazia. Tajiri nilimchukua kwenye shule moja ya kupanda farasi, walikuwa wanataka kumwondoa kwa sababu ukwato wake mmoja wa mbele una ufa. Ndugu zangu walisema nimerogwa. Dada yangu mkubwa, muuguzi, ambaye tunaishi naye nyumba moja, alinitazama juu mpaka chini akasema, "Wenzako wanaleta wachumba. Wewe umeleta farasi."

Nikamweka kwenye zizi moja nje kidogo ya mji, wanapolelewa farasi wa watu mbalimbali. Kila asubuhi kabla ya kazi napita hapo. Nampiga brashi, namsafisha kwato, tunaongea. Yaani mimi naongea, yeye ananipulizia pua shingoni.

Basi, ule ugonjwa wa kukohoa uliofungia watu ndani dunia nzima ukaingia.

Msimamizi wa zizi tulikuwa tunamwita Kamanda. Mzee mmoja mfupi, mkali, sauti yake inatangulia kufika kabla yake. Akafunga geti kwa mnyororo na kutangaza kwamba hakuna mwenye farasi kuingia mpaka hali itulie. Ndani atabaki yeye na watunzaji wake wawili, wanalala humohumo, hawatoki.

Nilienda kupiga kelele pale getini, nisiwafiche.

"Kamanda, yule farasi ni wangu!"

"Najua ni wako. Lakini watunzaji ni wangu. Mkianza kuja kila mtu na kikohozi chake, hawa wakalala, nani atamlisha? Wewe na cherehani yako?"

Hapo alinikamata. Nikageuza baiskeli nikarudi nyumbani nikiwa nimevimba kwa hasira.

Dada naye hakunionea huruma. "Mimi wodini nawazuia watu kuwaona mama zao waliowazaa," aliniambia, hata viatu hajavua. "Wewe unanililia farasi?"

Utajibu nini hapo? Nikaenda kumchotea maji ya kuoga.

Nikajiambia, si sote tuko nje? Kifo cha wengi harusi. Kama hakuna anayeingia, na mimi nitavumilia.

Kumbe!

Siku moja mwenzetu mmoja alipita barabara ya kule, akapiga picha ya haraka, yenye ukungu, kupitia nondo za geti, akairusha kwenye grupu letu la wenye farasi.

Ndani ya uwanja wa zizi limeegeshwa gari jeupe.

Wote tulilijua. Lilikuwa la yule mama tuliyembandika jina la Madam. Hana maneno, miwani myeusi hata kukiwa na mawingu, na farasi wake mweusi anang'aa kama kiatu cha askari. Salamu yake ni kutikisa kichwa tu.

Weee! Grupu liliwaka moto.

"Kumbe sheria ni ya makabwela!"

"Wenye nacho wanaingilia mlango gani?"

"Kamanda, tueleze huyo ni nani yako."

Na mimi sikubaki nyuma. Niliandika aya ndefu, nikauliza kama farasi wa Madam anakohoa dhahabu. Watu wakacheka sana.

Alama zilionyesha Madam amezisoma jumbe zote. Hakujibu hata moja.

Baadaye ukaingia ujumbe kutoka namba ya Kamanda: "Farasi wote ni wazima. Tafadhali, mkae nyumbani."

Niliusoma mara ya kwanza kwa hasira. Niliporudia, nikahisi ubaridi.

Kamanda hakuwa mtu wa kuandika. Vidole vyake ni vinene, na alikuwa akisema herufi ni za makarani. Kila kitu alituma kwa sauti, tena kwa kufoka, unasikia farasi na ndoo zinagongana nyuma yake. Tangu lini Kamanda akaandika? Tangu lini Kamanda akasema "tafadhali"?

Nikapandisha juu kwenye grupu nikatafuta. Ujumbe wa sauti wa mwisho ulikuwa wa zamani kweli. Baada ya hapo ni maandishi tu. Wote ni wazima. Wote ni wazima. Wote ni wazima.

Nikawaza labda amebadilika. Ugonjwa huu umebadilisha watu.

Lakini kulikuwa na zile video. Kila mara kila mmoja wetu alikuwa anatumiwa kipande kifupi cha farasi wake. Mimi ya Tajiri nilikuwa naiangalia nikiwa nashona barakoa kwa mabaki ya mapazia. Na siku mbili baada ya ule ujumbe nikautazama ukwato.

Niwaeleze kidogo. Ukwato wa farasi ni kama ukucha wa mtu, unakua kutoka juu kwenda chini. Tajiri ana ufa, na kabla hatujafungiwa, fundi kwato alikuwa amechonga mkato mdogo juu ya ule ufa ili usipande zaidi. Ukwato ukikua, ule mkato lazima uteremke.

Kwenye video, mkato ulikuwa palepale.

Nikafungua ya kabla yake. Palepale. Ya nyuma zaidi. Palepale.

Nikampigia fundi kwato.

"Kaka, ule mkato wa Tajiri sasa hivi ungekuwa wapi?"

"Ungekuwa umeteremka sana, dada. Ingebidi nimpunguze kwato tena."

"Kwani hujampunguza?"

"Nimpunguze wapi? Sijaitwa kule tangu wafunge. Nikipiga simu haipokelewi, naandikiwa tu wote ni wazima. Kwani vipi?"

"Kwenye video haujasogea."

"Dada, basi hizo video ni za zamani."

Nikaacha sindano ikining'inia kwenye kitambaa, nikachukua baiskeli.

Njia nzima nilikuwa nawaza mabaya. Wameuzwa. Wamekufa njaa wote na kuna mtu anatudanganya ili tuendelee kulipa. Machozi yalikuwa yananitoka na sijui yananitoka kwa lipi.

Jua lilikuwa kali nilipofika, lakini pale palikuwa pamepoa namna mbaya. Zizi halina ukimya, jamani. Saa zote utasikia mlango unapigwa teke, ndoo inaburutwa, Kamanda anamtukana mtu. Siku hiyo nilisikia nzi tu.

Nikachungulia kupitia nondo.

Gari jeupe lilikuwepo. Ila halikuwa jeupe kama tulivyolidhania kwenye ile picha ya ukungu. Vumbi limelivaa lote, majani makavu yamejaa kwenye kioo cha mbele, tairi moja limekwisha upepo, na nyasi zimeota mpaka zimefika kwenye mlango wa dereva.

Lile gari halikuwa linaingia na kutoka. Liliingia, basi.

"Kamanda!" niliita. Kimya.

"Tajiri!"

Kutoka ndani kabisa, farasi mmoja akalia. Sauti nyembamba, lakini ningeijua hata katikati ya soko. Nikalishika geti kwa mikono miwili.

"Achia hilo geti!"

Akatokea mwanamke akisukuma toroli. Sikumtambua mara moja. Miwani hakuna. Amevaa mabuti ya mvua ya mwanaume, nywele amezifunga kwa kamba ya marobota ya nyasi, kitambaa kimeziba pua na mdomo. Amekonda, macho yameingia ndani.

Madam.

Badala ya kumwonea huruma, mimi nikafungulia bomba. Nilimwambia kila kitu. Kwamba ana roho mbaya, kwamba na sisi tunawapenda wanyama wetu, kwamba hata wodini kuna zamu ya kuwaona wagonjwa, ambao ulikuwa uongo na dada angenizaba kofi.

Aliniacha nikamaliza. Alikuwa ameegemea toroli kama mtu anayengoja mvua ipite.

"Umemaliza?"

"Sijamaliza! Nataka kuongea na Kamanda!"

"Kamanda amefariki."

Nilitaka kucheka. "Amefariki vipi na juzi katujibu kwenye grupu?"

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu. Ile simu yenye kioo kilichopasuka. Ya Kamanda.

"Ni mimi," alisema. "Na video nawatumia zile za zamani zilizokuwa humu, maana kwenye mpya mngeona walivyokonda."

Akanieleza palepale, yeye amesimama kule, mimi huku. Watunzaji wote wawili waliugua mwanzoni tu wakachukuliwa. Kamanda akabaki peke yake na zizi zima, naye tayari anahema vibaya. Ndipo akampigia Madam.

"Kwa nini wewe?" niliuliza. Safari hii niliuliza taratibu.

"Aliniambia ninyi wengine mna watu nyumbani. Mna wazazi, mna watoto. Mimi sina mtu wa kumwambukiza." Alisema hivyo kama anataja saizi ya kiatu. "Kamanda naye akaja kuchukuliwa. Siku anapakiwa kwenye gari la wagonjwa akanishika mkono, akaniachia simu, akasema usiwaambie, watakuja wote watavunja geti. Halafu mpwa wake akapiga kwenye simu hii, kuniambia wameshamzika."

"Ungetuambia hata hivyo!"

"Nilimwahidi, naye amekufa. Ningemwomba nani ruhusa?"

Akakohoa, akageuza uso pembeni, akakohoa tena kwa muda mrefu.

"Ila sasa itabidi mjue tu," alisema. "Tangu jana sisikii harufu."

"Harufu ya nini?"

"Ya mavi. Nashinda kwenye samadi kutwa, na sisikii kitu."

Mungu wangu. Nilielewa, na nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Nilimpigia dada kazini. Nilidhani atanifokea. Alisikiliza, akauliza maswali mawili matatu ya kiuuguzi, akasema gari la wagonjwa linakuja.

"Na farasi?" nikauliza.

"Wewe umeshajibu hilo swali," alisema. "Ila nisikilize, mdogo wangu. Ukiingia humo, hutoki. Hurudi hapa nyumbani mpaka mimi niseme. Hata ukilia."

Basi, walipomtoa Madam, mimi niliingia. Mnyororo ukafungwa nyuma yangu, nikausikia unavyolia, na ndipo nikafahamu kwa nini Kamanda alikuwa mkali.

Tajiri alikuwa anachechemea. Ukwato umerefuka, ufa umepanda. Alikuja akaniwekea kichwa kizima kifuani, nikalia kwa sauti kama mtoto, hakuna aliyenisikia. Fundi kwato akanirushia tupa yake ya kusugulia kwato juu ya geti, akanielekeza kwa video jinsi ya kumpunguza. Mikono ilinichubuka. Lakini ufa ulisimama.

Nikaanza kulisha wengine, kibanda kwa kibanda. Wote niliowapita walikuwepo. Wamekonda kidogo, ila maji safi, nyasi safi. Mtu mmoja alikuwa amefanya kazi ya watu watatu.

Nikafika kibanda cha mwisho.

Kilikuwa kitupu. Kimefagiwa, sakafu imeoshwa, hatamu imetundikwa ukutani imesuguliwa mpaka inang'aa.

Kilikuwa cha yule farasi mweusi.

Nilizunguka zizi lote nikimtafuta, nikidhani ametoroka. Nikaishia nyuma, kwenye tuta la udongo lililokwisha kuota nyasi.

Nikamwandikia Madam hospitalini. Jibu lilikuja siku ya pili yake.

"Alikufa kwa tumbo, mapema tu. Kamanda alikuwa ameshachukuliwa. Daktari wa mifugo alishindwa kufika. Jirani mwenye trekta alinichimbia shimo."

Halafu ukaja mwingine.

"Nilitaka kuondoka siku ile ile. Nilishaingia kwenye gari. Wengine wakaanza kupiga milango mateke, ilikuwa saa yao ya kula."

Niliketi chini kwenye nyasi kavu. Yule mama tuliyesema anapendelewa kumwona farasi wake hakuwa na farasi. Muda wote ule alikuwa analisha wa kwetu, huku anasoma matusi yetu.

Nikaandika kila kitu kwenye grupu, bila kupunguza. Wa kwanza kujibu aliuliza, "Kwa hiyo wangu yuko salama?"

Madam alipona. Nilijuaje? Dada aliniulizia. Siku hiyo hiyo aliyoruhusiwa, kwenye grupu ukatokea mstari mmoja mdogo wa kijivu kwamba ameondoka kwenye grupu. Ndipo watu wakaanza kuandika pole na samahani, wakati yeye hayupo tena kuzisoma. Mimi nilimwandikia pembeni. Mpaka leo ujumbe wangu haujafunguliwa. Gari lake alituma mtu akalivuta.

Wenzangu bado wanabishana kama ile sheria ilikuwa ya haki. Mimi msimamo wangu ni huu: kutufungia nje ilikuwa haki, tena nashukuru. Kutuficha haikuwa haki. Tungejua, nyasi tungeleta getini, dawa tungetafuta, na yule mama asingebaki peke yake na kaburi la farasi wake.

Na wewe unayesoma, siku ukiona mwenzako karuhusiwa kuingia mahali wewe umezuiwa, kabla hujamtukana, muulize kwanza kama anaweza kutoka.