Meza Iliyopimwa kwa Kitovu cha Mwenyekiti

Mwenyekiti wa kikundi chetu cha kahawa alirudi kutoka semina Vwawa na kalamu mbili mfukoni na neno moja mdomoni: ubora. Alilitaja hata akiomba maji ya kunywa. Semina ilimfundisha pia kwamba mtu asifanye kazi ameinama, mgongo utaumia na jicho litachoka. Jambo zuri kabisa. Akaagiza meza mpya za kuanikia kahawa, pale akina mama wanapotoa punje mbovu, ziwe na urefu wa kumfaa binadamu. Binadamu aliyepimwa alikuwa mmoja, yeye mwenyewe, na yeye hata mlango wa kanisa anaupita ameinama. Fundi akapima mpaka kitovuni kwake, akakata mbao.

Shangazi yangu akapewa meza ya tatu. Shangazi ni mfupi. Nilimpita nikiwa darasa la tano na sijaacha kumkumbusha. Alianza kuchambua kahawa mwenyekiti hajaota ndevu, na punje iliyotobolewa na mdudu anaijua kwa kidole tu. Lakini msimu ule kila ukaguzi mezani kwake zilikutwa mbovu. Alisimama juu ya kreti la soda, mwenyekiti akaliondoa: semina ilisema chini pasiwe na vitu. Akatangaza kwamba Jumamosi zikikutwa tena, shangazi atahamia kuosha ndoo, achambue mwenye macho.

Jioni shangazi alisonga ugali bila kunitania hata kidogo, nikajua hali ni mbaya.

Nilikuwa likizo, kidato cha pili, kwa hiyo Ijumaa nikamfuata kazini, nikaichunguza ile meza. Pembeni kahawa ilikuwa safi. Mbovu zote zilijipanga katikati, mstari mmoja, pale vidole vya shangazi vilipoishia.

Nikamwendea mwenyekiti kwa adabu zangu zote, ambazo si nyingi. "Shikamoo, Mwenyekiti. Naomba upige magoti hapa."

"Marahaba. Tunaomba nini?"

"Ubora."

Akina mama wakaziba midomo kwa khanga. Yeye ni mzee wa kanisa, magoti yake yameshazoea. Akashuka, ukingo wa meza ukamfika kwapani. Nikamwomba atoe punje moja mbovu pale katikati. Akanyoosha mkono, akajivuta, akachungulia, kalamu zote mbili zikadondokea kwenye kahawa. Punje ikabaki palepale.

"Huo ndio urefu wa shangazi," nikasema. "Wewe una dakika moja. Yeye ana wiki tatu."

Akiwa bado chini, akamuuliza shangazi kwa nini hakusema. Shangazi akajibu kwamba alisema siku ya kwanza kabisa, akaambiwa asipinge utaalamu.

Msumeno uliletwa jioni ileile. Safari hii fundi alimpima shangazi, naye akasimama wima kama anapigwa picha ya kitambulisho.

Jumamosi mwenyekiti aliikagua meza ya tatu ameinama, mkono mmoja kiunoni, akifukua katikati punje kwa punje. Hakupata.

"Tafuta taratibu, Mwenyekiti," shangazi akamwambia, huku vidole vyake vikiendelea na kazi. "Sisi tupo."